Ukoka upi ununue kwa ua wa nyumba Dar es Salaam

Kabla hujamuuliza muuzaji bei, onja maji ya kisima chako, kisha angalia jua linapiga wapi uani. Kwa Dar es Salaam, hayo mawili ndiyo yanayoamua ukoka upi utashika na upi utageuka njano.

Wa kwanza kwangu ni pasipalamu. Asili yake ni kandokando ya bahari, kwa hiyo maji ya chumvi ya visima vingi vya Kigamboni hauyaogopi. Hutambaa haraka, hivyo usinunue wa kufunika ua mzima: panda vishina kwa mistari masika yanapoanza, nafasi zitajaa zenyewe. Lakini unataka jua. Chini ya mwembe hufifia na kuacha udongo mtupu.

Hapo mwembeni pawekee ukoka wa Pemba, ule wa majani mapana. Unavumilia kivuli na chumvi pia. Nauweka wa pili kwa sababu majani yake ni magumu kidogo, si wa kujilaza.

Wa tatu si ukoka hasa: ni ule mmea wa jamii ya karanga unaotambaa, wenye viua vya njano. Mizizi yake hurutubisha udongo, hushika mteremko usimomonyoke, na haudai mashine ya kukatia. Ila watoto wakiufanya uwanja wa mpira, utakwisha.

Zoisia ni mzuri mno, umeshonana kama zulia, lakini hukua polepole, kwa hiyo itabidi ununue wa kujaza eneo lote, na bei yake si ya mchezo. Ukoka wa Kikuyu waachie watu wa Arusha na Lushoto. Joto letu si lake.

Kilichonitia hasara mimi hakikuwa aina ya ukoka, ni ndago, lile gugu linalofanana na nyasi. Nilipakia viroba vya ukoka bila kuvifungua, na baada ya wiki tatu ndago zikauzidi ukoka kwa urefu. Fungua kiroba palepale kitaluni. Chambua udongo wa mizizini utafute vijitunguu vyeusi vidogo kama punje za kunde. Kisha zungusha bua katikati ya vidole: la ndago lina pembe tatu, utazisikia. Ukikuta hata moja, usikichukue kiroba hicho. Ukiing'oa ndago, kitunguu hubaki chini na kuchipua tena. Za kwangu bado nazifukua kwa kisu kila Jumamosi.