Kikatio cha wembe: miezi 14, mabehewa 5 na nusu

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonisukuma kukinunua. Behewa moja la makaa la treni ya mfano, ukilijenga mwenyewe kutoka kwenye plastiki tupu bila seti ya vipande vilivyo tayari, linakula vipande zaidi ya 90. Mimi usiku nina dakika 20. Mdogo akiwahi kulala zinafika 35; akiwa na mafua, hakuna kitu. Kwa miaka miwili nilikata kila kipande kwa kisu na rula ya chuma. Katika miaka hiyo miwili nilimaliza mabehewa mawili, na moja kati yake ukiliweka kwenye reli linasimama kwa magurudumu matatu.

Kikatio chenyewe hakina maajabu. Ni kitako cha ubao mgumu kama ukubwa wa daftari, juu yake mpira wa kukatia, na mkono wa chuma wenye bawaba kwa nyuma. Kwenye mkono umebanwa wembe wa makali upande mmoja, ule wenye mgongo. Kuna ukingo wa kuegemeza ukanda wa plastiki kwa nyuzi 90, mwingine wa nyuzi 45, na kizuizi kinachoteleza kwenye mfuo na kukazwa kwa skrubu ya kidole. Unasukuma ukanda mpaka uguse kizuizi, unabonyeza mkono, tak, kipande kimeanguka. Unasukuma tena, tak. Urefu uleule. Aina ziko nyingi na yangu sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozisema huenda ni za hiki kimoja kilichoniangukia mimi.

Ninachojenga ni mabehewa ya wazi ya makaa ya mawe ya Uingereza, yenye mbao saba ubavuni, kwa vipimo vilivyotolewa mwaka 1923 na Railway Clearing House, ile ofisi iliyokuwa ikigawanya mapato baina ya makampuni ya reli. Behewa la tani 12 lilikuwa na urefu wa futi 16 na inchi 6 ukiacha bafa (vile vigongeo vya kwenye ncha), na futi 9 kutoka ekseli hadi ekseli. Kwa kipimo cha 1:76.2 futi moja ni milimita 4 kamili, kwa hiyo napata 66 na 36. Hesabu hizo nazifanya kichwani huku natafuta soksi ya pili. Halafu hayana paa wala madirisha, karibu kila kona ni ya mraba, na kwa kuwa mengi yalikuwa mali ya migodi na wauza makaa, sanduku lilelile unalipaka rangi tofauti na kuliandika jina tofauti, ukawa na treni nzima. Ni kazi ya kurudiarudia, na kurudiarudia ndiko kikatio hiki kinakojua. (Njia yangu ni ya kipimo kinachoitwa OO, milimita 16.5 kati ya reli na reli, ingawa reli ya kweli ya milimita 1435 ingedai 18.83. Wapo wanaokosa usingizi kwa hilo. Mimi usingizi naukosa kwa mengine.)

Sasa nieleze kwa nini nakipenda. Ukikata kwa kisu na rula, kipimo kinakaa kichwani mwako. Unaweka alama, milimita 17.5, unainua kisu, na mlangoni anatokea mtu mwenye nguo za kulala: "Mama, daftari la hesabu silioni." Unaliona daftari, liko chini ya mto wake. Unarudi. Ilikuwa 17.5 au 17.2? Katika kipimo hiki inchi moja ni milimita 0.33, kwa hiyo kosa hilo dogo ni karibu inchi nzima ya behewa la kweli, na vipande viwili vinavyotazamana vikipishana hivyo, mlango unaonekana umelewa. Kizuizi hakiitwi na mtu. Nimewahi kukiacha kimekazwa Jumanne, nikarudi Ijumaa baada ya homa mbili na mkutano wa wazazi, nikaendelea na kipande cha tano kati ya nane kana kwamba nilikuwa nimekwenda kunywa maji.

Hilo ni pale ambapo kizuizi hakijasogea, na hapa nina la kusema. Wiki ya tatu nilikuwa nakata vyuma vya ubavuni, vile vipande vya wima vinavyoshika mbao, kutoka ukanda wa milimita 0.25 kwa 1. Nilihitaji 16. Nikakata vyote mfululizo kwa furaha ya ajabu, nikavipanga kwenye kioo kimoja kando ya kingine, na nikaona ngazi. Cha kwanza milimita 16.0, cha mwisho 16.3, na katikati vinapanda taratibu kama watoto waliopangwa kwa urefu kwa ajili ya picha. Kila niliposukuma ukanda ukagonga kizuizi, kizuizi kilirudi nyuma unywele mmoja. Skrubu ilikuwa imekazwa mpaka kidole kinauma.

Dawa yake ilinichukua dakika tano. Nilifungua kizuizi, nikabandika kipande cha msasa laini chini yake, upande wa msasa ukitazama ubao, nikakirudisha. Tangu siku hiyo hakijatembea. Pia nimejifunza kuhifadhi kipande cha kwanza cha kila kundi na kukilinganisha na kila cha tano. Lakini jamani, kifaa ambacho kazi yake kubwa ni kushika urefu hakipaswi kumsubiri mnunuzi akitafutie msasa.

Ukingo wa nyuzi 90 nao ulikuja haujanyooka. Nilipouwekea kipima mraba, niliona mwanga upande mmoja, kama nyuzi moja hivi. Kwenye ukanda wa milimita 4 huioni, maana inakupotezea milimita 0.07 tu. Kwenye kipande cha upana wa milimita 20 inakuwa 0.35, na hapo ncha ya behewa inakataa kukutana na ubavu. Kumbe matundu ya skrubu zake yamerefushwa kusudi ili uweze kuuzungusha kidogo. Karatasi ya maelezo, yenye picha nne, haisemi neno juu ya hilo. Legeza skrubu mbili, egemeza kipima mraba kwenye wembe wenyewe, kaza, jaribu. Fanya hivyo siku ya kwanza kabla hujakata chochote cha maana. Ukingo wa nyuzi 45 sijautumia hata mara moja. Mikanda ya mshazari ya behewa langu haiko kwenye nyuzi hizo.

Kuhusu unene: mpaka milimita 1 ni kama kukata siagi. Kuanzia 1.5 wembe unaanza kujipinda ukiwa ndani ya plastiki, na ncha inatoka na mteremko ambao hutauona mpaka uweke gundi. Boriti za chini nazikata zikiwa na ziada ya nusu milimita, halafu nazisawazisha kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao. Vijiti vya mbao laini vya milimita 2 vinakatika vizuri wembe ukiwa mpya, ukizeeka unavibonda. Waya wa shaba usijaribu. Nilijaribu, wa milimita 0.5, nikitengeneza vishikio. Waya ulikatika, ni kweli, na wembe ukabaki na pengo ambalo liliendelea kuchora mstari kwenye kila kipande mpaka nilipoutupa.

Anayedhani kitamkatia behewa zima atakasirika. Hiki ni cha kanda nyembamba. Bavu zenyewe, zile bapa za milimita 66, bado ni kisu na rula, na kwa kweli kazi hiyo ni nyepesi kuliko inavyotisha: plastiki ya polistirini huna haja ya kuikata mpaka chini. Unapitisha kisu mara mbili bila kukandamiza, unaikunja, inavunjika kwenye mstari. Mistari ya mbao saba naikwaruza kwa mgongo wa kisu, na naikwaruza pande zote mbili, kwanza kwa sababu behewa la wazi linaonyesha tumbo lake, pili kwa sababu bapa jembamba lililokwaruzwa upande mmoja tu linaanza kujikunja kama jani kavu.

Kilichobadilika hasa nyumbani ni mpangilio wa usiku. Gundi ya plastiki hii si gundi ya kubandika, ni kiyeyusho. Naitumia ya butanoni: unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusa maungio kwa brashi, inajinyonya yenyewe ndani ya mwanya na plastiki mbili zinakuwa moja ndani ya sekunde chache. Ina harufu kali, inashika moto kirahisi, inataka dirisha wazi, na haisubiri mtu aliyeitwa chooni kufuta pua ya mtoto. Zamani nilikuwa nakata na kuunganisha usiku huohuo na kila mara mojawapo iliharibika. Siku hizi nina usiku wa kukata, ambao unaweza kuvunjwa popote, na usiku mmoja wa kuunganisha, ambao nautangaza nyumba nzima kama safari. Vipande vilivyokatwa vinasubiri kwenye kile kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba vya siku za wiki. Jumatatu ni milango, Jumanne vyuma vya kona, Alhamisi breki. Mume wangu alipokiona mara ya kwanza aliniuliza kwa upole kama kuna jambo daktari ameniambia.

Ameniuliza pia, mara moja tu, kama mabehewa haya hayauzwi yakiwa tayari. Yanauzwa. Tukaendelea kukunja nguo.

Lalamiko langu kubwa si kizuizi wala ukingo, ni usalama. Mkono una springi inayouinua, na ukiinuka unabaki juu, wembe nje, bila kifungio cha aina yoyote. Labda aliyekibuni ana karakana yenye mlango na ufunguo. Mimi nina sinia kubwa la mbao lenye kingo, ambalo linakaa juu ya kabati na kushuka saa tatu usiku. Kila ninapoinuka, hata kwa nusu dakika, lazima niushushe mkono na kuufunga kwa mpira wa nywele, na chini ya wembe naweka kipande cha sponji. Nimeshazoea hadi mkono wangu unafanya wenyewe. Lakini kulabu moja ya chuma ingetosha, na kwa kukosa kulabu hiyo nakinyima nyota nzima. Nyembe zilizochoka nazitia kwenye kopo lenye kifuniko nililolitoboa mwanya mwembamba. Usizitupe wazi kwenye takataka, kuna mtu ataubeba mfuko huo.

Mambo mazuri madogo niyataje haraka: kitako ni kizito kiasi cha kutoteleza, mpira wa kukatia nimeugeuza mara moja tu na upande wa pili bado mzuri, na kukitoa na kukirudisha kunachukua chini ya dakika moja. Hili la mwisho huwezi kulithamini mpaka uwe na dakika 20. Mashine nzuri zaidi inayotaka dakika 6 za kuandaliwa ingenila karibu theluthi ya usiku.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano. Ukijenga behewa moja kwa mwaka, baki na kisu chako. Ukijenga behewa zima kwa mkao mmoja, bila kuitwa, labda pia hukihitaji. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama kinatumia nyembe za kawaida za makali upande mmoja au zake mwenyewe tu. Changu kinatumia za kawaida, na huu uliomo sasa ni wa tisa. Behewa la sita tayari lina sakafu, boriti na ekseli zake mbili, na linaviringika lenyewe nikiinamisha sinia. Chumba cha Jumatano bado kitupu: nahitaji vipande 8 vya milimita 9, kizuizi kimekazwa, na huko ndani kuna mtu anaita kwamba ana kiu.