Noah yangu ilikunywa maji mwaka mzima, mimi nikaonekana mzembe

Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli: harusi, akika, hitima, na siku hizi hata kwanjula, sherehe za kumtambulisha mchumba, za Waganda wanaotaka pilau mezani. Kwa hiyo nilipotafuta gari sikutafuta la kujionyesha, nilitafuta lenye tumbo. Libebe masufuria makubwa matatu, majiko mawili na mitungi yake ya gesi, wasichana wanne wa kazi, kisha Jumatatu liwapeleke watoto shule bila kunuka bizari. (Hilo la bizari limenishinda hadi leo.)

Nikaangukia Toyota Noah ya 2005, umbo la AZR60, petroli, injini ya lita 2 yenye maandishi ya D-4. Nimekaa nayo miaka minne hapa Kibuli, Kampala, imenifikisha Masaka, Iganga, Mbale, hadi Busia kufuata viungo. Naandika kwa sababu haipiti wiki sijaulizwa, "Hajati, hizi Noah vipi?" Makka bado sijajaaliwa, lakini Kampala ukijifunga mtandio na kushika stelingi yako mwenyewe, cheo unapewa na gereji.

Uzuri wake hausemeki kwa mtu wa kazi kama yangu. Sakafu iko chini, sufuria lililojaa watu wawili wanalipandisha bila mchuzi kumwagika. Siti za nyuma kabisa huzing'oi, unazikunja unaziegemeza ubavuni unazifunga kwa mkanda wake, na pale kati pamekuwa stoo. Mlango wa kusukuma nao, Kisenyi palipobanwa na bodaboda, unafunguka pale ambapo mlango wa kawaida ungekwishamwangusha mtu. Mafuta si mabaya: barabara kuu napata kilomita 10 kwa lita, foleni ya Wandegeya 7 nikibahatika. Vipuri vimejaa soko la Kiseka, vipya na vya magari yaliyokatwa.

Sasa maji.

Mwaka wa kwanza wote nilikuwa naongeza maji. Si mengi, nusu lita kila baada ya siku kumi hivi. Chini ya gari pakavu. Oili safi, haijageuka chai ya maziwa. Moshi mweupe hakuna. Gereji niliyoanzia, sitaitaja, wakanibadilishia mfuniko wa rejeta. Maji yakaendelea kupungua. Wakaitoa termostati, yaani waliitoa wakaitupa, wakaniambia nchi yetu ya joto haina haja nayo. Yakapungua. Wakafunga pampu mpya ya maji. Yakapungua vile vile, na kila nikirudi kijana mmoja ananiuliza kwa upole wa kumuuliza bibi aliyesahau miwani kichwani: "Hajati, una uhakika unaangalia maji asubuhi?" Mimi ninayepima chumvi ya pilau ya watu mia tatu kwa kiganja!

Hilo la termostati lilinigharimu peke yake. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inazidisha petroli. Nikawa nalipa gereji na kituo cha mafuta kwa kosa moja. Ubaya zaidi, kipimo cha joto kinakaa chini, nawe unajiona umepona.

Jumamosi moja tulikuwa na harusi Iganga. Pilau imeshaiva Kibuli, tunakwenda nayo, nyanya za kachumbari bado nzima kwenye tenga. Tukatambaa foleni ya Mukono, tukatambaa nyuma ya malori ya miwa Lugazi, kisha tukaingia vilima vya msitu wa Mabira gari limejaa. Kabla hatujafika soko la Najjembe kipimo kikaanza kupanda. Nikazima kiyoyozi, nikawasha hita hadi mwisho ili ivute joto la injini, wasichana wakaanza kupiga kelele kwamba nataka kuwapika na wao. Hita ikatoa hewa baridi. Nilikuwa sijui maana yake wakati ule, ila tumbo lilinikata. Leo najua: hita inapashwa na maji ya injini, na ikipuliza baridi gari likiwa linachemsha, maji hayafiki tena huko. Usijaribu kusogea "mpaka pale mbele". Zima hapo hapo.

Vijana wa kuku wa vijiti wakatuzunguka, mmoja ameshika jerikeni la maji ya baridi tayari kuimwagia injini. Nikasimama mbele ya boneti kama askari wa lango. Chuma cha moto na maji ya baridi havipatani, na mfuniko wa rejeta ukifunguliwa moto unakuunguza uso. Tulikaa karibu saa nzima tukila gonja, ndizi za kuchoma. Pilau niliipandisha kwenye taksi ya abiria 14 na wasichana wangu wawili, ikafika kabla ya bwana harusi, alhamdulillahi, maana naye alichelewa. Injini ilipopoa ilimeza lita nne.

Aliyeutibu ugonjwa ni mzee mmoja wa Kinubi kule Bombo, fundi wa malori tangu ujana wake, Kiswahili chake kimenyooka na kikali. Hakuniuliza kama naangalia maji. Alifunga kwenye shingo ya rejeta pampu ya mkono yenye geji, akajaza upepo, akasema twende tunywe chai. Tuliporudi geji ilikuwa imeshuka, na chini ya gari hakuna hata tone. Akaniomba kioo. Nikatoa cha kujitazamia, kile kidogo cha kwenye kipochi. Akawasha tochi ya simu, akakiingiza kioo nyuma ya injini, upande wa ukuta wa dashibodi, mahali ambapo jicho halifiki.

"Tazama, binti yangu."

Ndani ya kioo niliona ukoko wa waridi, mstari mwembamba uliokauka kama chumvi kwenye ukingo wa sufuria, pale hedi, kichwa cha injini, inapolalia bloku, kiwiliwili chake. Maji yalikuwa yanajipenyeza hapo injini ikishapata moto na presha, yanakaukia kwenye chuma kabla ya kugusa ardhi. Ndiyo maana uvunguni kwangu palikuwa pakavu mwaka mzima.

Alinieleza hivi. Bloku ya injini hii ni ya aluminiamu, na hedi imeshikwa na boliti kumi. Zile za upande wa nyuma, nyuzi zake ndani ya bloku huchoka kwa miaka ya kupata moto na kupoa, mwishowe zinachomoka. Boliti ipo, lakini haivuti tena. Hedi inainuka kiasi cha unywele, na maji hayahitaji nafasi zaidi ya hiyo. Ni maradhi yanayojulikana ya ukoo wa injini za AZ za miaka hiyo, kwa hiyo ukiwa na Noah au pacha wake Voxy ya D-4 inayokunywa maji kimya kimya, anza kutazama huko kabla hujanunua pampu. Na fundi akikwambia atabadilisha gasketi tu na kukaza boliti zile zile, chukua ufunguo wako.

Hedi ilipofunguliwa, boliti tatu zilitoka zimejiviringishia nyuzi za aluminiamu kama maganda ya viazi. Mzee hakutibu hizo tatu peke yake. Matundu yote kumi yalitobolewa upya na kuvishwa nyuzi za chuma, hedi ikapimwa unyoofu wake na kuchongwa kidogo, gasketi mpya, boliti mpya. Nililipa shilingi za Uganda milioni moja na laki nane, na siku tisa nikakodi gari la kubebea masufuria. Kiseka nilikuwa nimetajiwa injini nzima iliyotumika kwa milioni nne. Ingekuwa D-4 ile ile, na boliti zake nani amezitazama?

Termostati ikarudi mahali pake. Maji ya bomba nikakatazwa, nikapewa kulanti nyekundu, dawa ya maji ya rejeta. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na kwenye mwinuko huu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Presha inayoshikwa na mfuniko wa rejeta ndiyo hasa inayoyazuia, na kulanti inaongeza kidogo, tena inazuia kutu. Mfuniko uliolegea mpira ni kipuri cha bei ndogo chenye uwezo wa kuua injini.

Mengine ya Noah ni kero zaidi kuliko ugonjwa. Mlango wangu wa kushoto, ule unaojifunga kwa mota, ulianza kufika katikati, unalia, unarudi ulikotoka. Nikaambiwa mota imekufa. Nilipopiga magoti na kupitisha kidole kwenye reli ya chini nikakuta mchele. Punje za pilau zilizokauka, zimechanganyika na vumbi jekundu la barabara za murami na grisi ya zamani, zimekuwa saruji. Mswaki wa zamani, mafuta ya taa kidogo, kitambaa, na mlango ukaenda kama siku ya kwanza. Mwaka wa tatu rola ya katikati ililika kweli, nikanunua nyingine. Ila wengi wanauziwa mota kwa sababu ya uchafu, na mlango ukigoma usiulazimishe kwa bega, waya wake wa kuvuta unakatika.

Giaboksi ya Noah yangu ni CVT, ile isiyo na gia za kuhesabu. Inataka oili yake ya CVT, si ya otomatiki ya kawaida, japo zote mbili zinamiminwa mahali pamoja na zote zinaitwa "ya giaboksi" dukani. Jirani yangu aliwekewa isiyo yake, gari likaanza kutetemeka kwenye kila kilima kama lina homa. Yangu nabadilisha kila kilomita 40,000, nasimama hapo hapo, nasoma chupa mwenyewe. Fundi akinuna anune.

D-4 ina tabia nyingine: petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti kuosha valvu za kuingizia hewa, masizi yanajijenga. Ukiona asubuhi gari linatetemeka kwenye taa nyekundu na kukata pumzi, safisha njia ya hewa kwanza, ndipo ufikirie plagi. Mimi nimesafishiwa mara mbili. Filta ya hewa, kwa vumbi letu la kiangazi, usingoje kitabu kinasema nini. Mimi naitoa kila mwezi, naigonga chini, ikikataa kutoa vumbi naitupa. Oili ya injini na filta yake kila kilomita 5,000. Miguuni, bushi na linki za stabilaiza nimeshabadilisha mbili mbili, na shokamzoba za nyuma zimechoka kwa sababu yangu mimi na masufuria yangu, siwezi kuisingizia Toyota.

Anayetaka kununua leo. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. AZR60 ziliisha kutengenezwa 2007. Piga hesabu: mtu akikwambia yake "imetoka bondi juzi", yaani ghala la forodha, hiyo juzi ni ya miaka kadhaa. Zote zilizopo sokoni zimeshakula mashimo ya Kampala, kwa hiyo usinunue kilomita za kwenye dashibodi, nunua historia. Njoo asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko mwenyewe utazame rangi ya maji. Maji meupe ya bomba kwenye D-4 yananitosha kugeuza. Kisha omba ukae nalo kwenye foleni nusu saa, si mzunguko wa mtaa.

Kama mfuko unafika, chukua umbo lililofuata, la 2007 kwenda juu, ZRR70, yenye injini ya 3ZR. Dada yangu anayo Jinja, analalamikia pampu ya maji iliyovuja na hakuna zaidi. Ndani pana nafasi ile ile. Mimi pesa yangu haijafika, na kusema kweli baada ya boliti kumi za chuma sioni haraka.

Mapungufu mengine madogo: redio ya Kijapani inaishia FM 90, stesheni nyingi za Kampala ziko juu ya hapo, ukataka kusikiliza inabidi ufungiwe kigeuzi. Na honi yake ni ya aibu, bodaboda hawaisikii.

Kile kioo cha kipochi sikukirudisha kwenye kipochi. Kinakaa kwenye kabati la dashibodi, kimepasuka pembeni. Kila Ijumaa jioni kabla ya kupakia nakiingiza nyuma ya injini na tochi ya simu, majirani wamezoea. Ijumaa iliyopita palikuwa pakavu, chuma kitupu, hakuna waridi.