Kliniki ya ini: hatimaye nimesikilizwa

Miezi minane kipimo changu cha ALT (cha damu, kikiwa juu huonyesha ini linaumia) kilikuwa hakishuki chini ya 90, wakati kawaida hakizidi kama 40. Zahanati ya mtaani waliniambia tu niache mafuta, wakanipa vitamini. Hapa daktari aliniuliza kwanza natumia dawa gani. Nikamtajia ile ya miti shamba ya kupunguza tumbo. Akasema niiache leo leo. Akapima homa ya ini B na C (sina, alhamdulillahi), kisha altrasaundi: ini lina mafuta. Nilishtuka, pombe sijawahi kuonja! Akanieleza kwa utulivu habari ya uzito, sukari na soda zangu mbili kila siku. Baada ya miezi minne nimepungua kilo 6, ALT imeshuka hadi 52. Foleni ni ndefu mno, fikeni alfajiri.