Huduma ya kitalu kwa mchikichi wenye mizizi iliyo wazi, Kigoma

Kitalu kimoja cha miche mjini Kigoma hutoa pia huduma ya kutunza miti nyumbani, nami niliwaita baada ya mvua kuchukua udongo wa mteremko na kuiacha mizizi ya mchikichi wetu wa bustani ikiwa wazi. Fundi alipiga magoti, akafukua kwa vidole na kunionyesha mizizi mipya yenye ncha nyeupe ikichomoza juu ya ile ya zamani. Akaeleza kwamba mchikichi, sawa na mnazi, huotesha mizizi moja kwa moja kutoka kitako cha shina, hivyo kuonekana kwake si lazima kuwe ugonjwa. Hakukata hata mmoja, jambo ninalolisifu sana, kwa kuwa wengi hukimbilia panga. Aliongeza udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kiasi cha kufunika mizizi tu bila kulifukia shina, ambalo likizikwa huweza kuoza, kisha akapanga mawe upande wa chini ili kuzuia mmomonyoko. Bei ilikuwa ya haki. Ningependa tu wafike saa waliyoahidi, na waache maelekezo ya maandishi kuhusu umwagiliaji wa kiangazi.