Koli ya kuitia bata mzinga mwitu: angalia pori lako kwanza ndo ununue

Kwa mlioko Marekani mnaotaka kuanza kuwinda bata mzinga: springi (majira ya kuchipua, baada ya baridi) ndo dume anatafuta majike, kwa hiyo wewe unakaa chini ya mti unaiga sauti ya jike mpaka aje mwenyewe. Ukiingia dukani koli, yaani vifaa vya kuigia hiyo sauti, zimejaa ukuta mzima na muuzaji anakusukumia ya bei mbaya, hata hajakuuliza unawinda wapi.

Namba 1 kwangu ni kisahani. Kiduara cha sleti (lile jiwe la ubao wa kuandikia), glasi au alumini kinakaa kiganjani, unakisugua na kijiti. Msitu mnene kama Ozark kule Missouri au vilima vya Pennsylvania, dume anaweza kuwa hapo hapo na humuoni, sauti ya chini ya sleti inatosha kabisa, ukipiga makelele unamshtua. Ukienda milimani kama Black Hills kule South Dakota chukua glasi, inafika ng'ambo ya bonde. Shika kijiti kama kalamu, chora kiduara kidogo kama sarafu ya senti kumi na ncha isibanduke, ikibanduka tu sauti inakatika. Uso ukianza kuteleza upitishie msasa kidogo, na usiguse na vidole vyenye jasho. Mvua ndo adui yake.

Namba 2 kiboksi cha mbao, unasugua kifuniko chake kwenye kingo kinalia. Kansas, Nebraska, Texas, kule wazi kwenye upepo, hamna kinachokishinda kwa kwenda mbali, na hata mgeni anakipiga siku hiyo hiyo. Nunua na chaki yake ya kupaka kifuniko, kifunge rababendi la sivyo kinalia chenyewe begini kila hatua lol. Dola 30 hivi unapata kizuri.

Namba 3 ya mdomoni, ile ya lateksi (mpira mwembamba) inayobana kwenye kaakaa. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa mazoezi yake, mwanzoni unataka kutapika na majirani watakuchoka. Ila mikono yote iko huru, yaani dume yuko hatua 30 anakukodolea macho na bado unaongea naye bila kusogeza kidole, af haijali maji, kwa vinamasi vya Florida ndo yenyewe. Dola 10 tu. Usiiache kwenye gari juani, lateksi inaharibika, weka friji.

Ya mwisho ile ya kubonyeza. Sauti ndogo, mpe mtoto.

Ya kuiga sauti ya dume usinunue kama unawinda ardhi ya umma, mwindaji mwenzio anaweza kuifuata na bunduki. Za betri, zile zinazocheza sauti iliyorekodiwa, nazo majimbo mengi yamezipiga marufuku kwa bata mzinga, soma sheria za jimbo lako kabla hujalipa.

Mwenye dola 40 tu: kisahani cha sleti, kijiti cha ziada cha mbao tofauti maana kinabadilisha sauti kabisa, na chenji ikibaki moja ya mdomoni ya kujifunzia.