Uzoefu wangu na projekta ya picha za pande tatu, Lubumbashi

Natumia projekta ya picha za pande tatu katika kituo cha mafunzo ya madini hapa Lubumbashi, katika komini ya Kampemba. Hurusha picha 120 kwa sekunde, 60 za jicho la kushoto na 60 za jicho la kulia, huku vioo vya miwani vikijifunga na kujifungua kwa zamu. Rangi zake zinapendeza, ila kina cha kuaminika hakiletwi na mashine peke yake.

Picha iliyoandaliwa kwa televisheni huchosha macho inaporushwa kwenye skrini kubwa, na sababu yake inapimika kwa rula. Vua miwani, na utaona karibu kila kitu kimejirudia mara mbili. Nafasi kati ya nakala hizo ndiyo inayoyaeleza macho kitu kiko mbali kiasi gani. Mandhari ya nyuma ambayo nakala zake zimeachana kwa milimita 30 kwenye televisheni yenye upana wa mita 1, zitaachana kwa milimita 90 kwenye skrini ya mita 3, ilhali macho ya mtu mzima yametengana kwa wastani wa milimita 63 hivi. Hapo kila jicho hulazimika kugeukia nje, jambo ambalo halifanyi kamwe linapotazama vitu halisi. Programu ninayotumia huniruhusu kusogeza nakala hizo zikaribiane, ingawa vilivyo mbele navyo hujitokeza zaidi.

Lipo na suala la fokasi, yaani jinsi macho yanavyojirekebisha ili yaone wazi, ambalo kwangu ndilo kubwa. Macho hukaza fokasi kwenye skrini daima, hata yanapoelekezwa mbele au nyuma yake, na mvutano huo ndio unaoleta maumivu ya kichwa. Kwa hiyo ninapoonyesha picha ya jiwe la malakiti (madini ya shaba), jiwe hilo naliweka palepale kwenye usawa wa skrini, mistari yake ya kijani ikiwa imekolea na kuonekana wazi, na meza iliyo nyuma yake naiacha na ukungu kidogo ili asiwepo wa kuhangaika kuitazama. Viti vya mbele nimevirudisha nyuma, kwa kuwa mvutano hupungua kadiri mtu anavyokaa mbali na skrini.

Kwa darasa lenye mapazia mazito naipendekeza bila kusita. Mchana, madirisha yakiwa wazi, haifai, kwani miwani hupunguza zaidi ya nusu ya mwanga.