Fenobabitoni ya miligramu 30: rahisi kwa bei, ila si ya kila mtoto mwenye kifafa

Kwa bei hakuna dawa ya kifafa inayoishinda. Ipo tangu 1912, hufika hadi zahanati za vijijini, na mtoto huimeza mara moja tu kwa siku, usiku. Kwa kifafa cha kukakamaa na kutupa mikono na miguu inafanya kazi vizuri, na Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi liliipendekeza kama dawa ya kuanzia.

Daktari huanza na miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito, kisha hupandisha taratibu, mwisho 6. Mtoto wa kilo 12 huanza na kidonge kimoja. Wa kilo 6, nusu. Asiyeweza kumeza asagiwe katikati ya vijiko viwili, ichanganywe na uji wa kijiko kimoja. Ukiimwaga kwenye bakuli zima, uji ukibaki na dawa imebaki.

Lawama nyingi inazotupiwa si zake. Huchukua wiki 2 hadi 3 kujaa mwilini, kwa hiyo mtoto akianguka siku ya nne haimaanishi kwamba imeshindwa, wala si sababu ya kuongeza kidonge. Usingizi wa siku za mwanzo nao hupungua. Hatari kubwa ni kuikatisha ghafla: kifafa hurudi kwa nguvu, pengine mfululizo bila mtoto kuzinduka. Nunua ya wiki inayofuata kabla ya hii kuisha. Tena soma kopo kila mara, kwa sababu vipo pia vidonge vya miligramu 60 na 100, na ndani ya bahasha ya karatasi vyote ni vidogo vyeupe.

Kasoro yake halisi ni tabia. Baadhi ya watoto huwa watundu kupita kiasi, wakali, wasiotulia, na darasani hawashiki kitu. Kwa mtoto ambaye tayari ana ulemavu wa akili, labda kwa kuchelewa kulia alipozaliwa au kwa malaria iliyopanda kichwani, hapo ikataliwe kama kuna mbadala. Mama huambiwa ugonjwa umezidi, kumbe ni kidonge. Na isieleweke vibaya: hakuna dawa ya kifafa inayorudisha akili iliyokwisha kuumia. Inazuia mianguko tu.

Kati ya dawa mbadala, kabamazepini ni nzuri kwa kifafa kinachoanzia upande mmoja wa mwili, lakini huchochea kile cha kuduwaa na cha kushtuka-shtuka. Valproeti ya maji hutibu aina nyingi. Ipimwe kwa bomba lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Chini ya miaka 2 inaweza kuharibu ini, na msichana anayekaribia kuvunja ungo asianzishiwe ovyo, kwani akipata mimba humdhuru mtoto tumboni, akili ikiwemo.

Degedege la homa lililopita lenyewe kwa dakika chache halihitaji fenobabitoni ya kila siku. Na kichanga wa miezi michache anayeinamisha kichwa na kukunja mikono kwa mafungu, hasa akiamka, asianzishiwe kidonge hiki akasubirishwa kliniki ya mwezi ujao. Huyo anahitaji hospitali wiki hii, kwa prednisoloni ya kipimo kikubwa au vigabatrini.